Ndoana Zilizokataliwa Ujiji

Siku ya kuniaga mlinivisha kanga, mkanilisha keki kwa mkono kama bibi harusi, halafu Zuhura akasimama akasema, "Mama Hadija, usiondoke na ndoana zote kichwani. Tuandikie." Nikacheka, nikasema sawa, kama mtu anavyosema sawa akiwa na keki mdomoni. Sasa nimekaa barazani kwangu Rusimbi, sina la kufanya zaidi ya kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo naandika. Msitegemee habari za vyeo. Dukani kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, cha kushika ufunguo, na kufuli lenyewe lilifunguka hata kwa kijiko.

Niliingia kwenye lile duka la zana za uvuvi, pale Ujiji karibu na ufukwe, nikiwa nimeolewa juzi tu. Nilidhani nimeajiriwa kuuza. Mzee Hamimu, ambaye duka lilikuwa lake na ndiye aliyekuwa fundi mkuu, hakunipa hata kiti. Alinimwagia sahani ya ndoana mezani, akaniambia nichague nzuri. Nikachagua zinazong'aa. Akazitazama, akazisukuma zote kwa kiganja zikarudi kwenye sahani, akasema, "Umechagua hereni. Rudia."

Nilirudia mpaka adhuhuri, na kila nilichochagua kilikuwa hereni.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze kidogo. Mgebuka wa ziwa hili anafukuza dagaa, na mvuvi asiye na nyavu humdanganya kwa manyoya. Mshipi mmoja unabeba ndoana nyingi ndogo, kila moja imefungwa unyoya mweupe wa jogoo, au wa kanga wenye madoa, na mvuvi anaunyanyua na kuushusha mpaka samaki aone kundi la dagaa linacheza. Sisi ndio tuliokuwa tunafunga manyoya hayo. Ni kazi ya kukaa, ya macho na vidole, na unyoya uwe mzuri vipi, ndoana ikiwa mbovu umefunga pambo.

Mzee Hamimu alinifundisha kuanza na ukucha. Unaweka ncha ya ndoana juu ya ukucha wa dole gumba, unaivuta polepole bila kukandamiza. Ikiteleza ni butu, iking'ang'ania inafaa. Pembeni ya meza alikuwa amepigilia msumari, na huo mpaka leo mnautumia kuning'iniza mikoba yenu, jambo ambalo lingemuua mara ya pili. Ule si wa mikoba. Ndoana inatundikwa pale, mshipi unafungwa kwenye jicho lake, unavuta. Ikinyooka kama waya wa kuanikia nguo, ni laini mno, mgebuka ataondoka huku anakucheka. Ikikatika tak, ni ngumu mno. Mnataka ile inayopanuka kidogo, halafu ukiiachia inarudi mahali pake.

Kisha kuna chumvi. Ziwa letu ni la maji matamu, lakini Mzee Hamimu hakuwa na subira ya kungoja kutu ije yenyewe, kwa hiyo kila shehena mpya ilitoa ndoana moja ya kwenda kuogelea kwenye glasi ya maji ya chumvi ya Uvinza. Glasi hiyo ilikuwa inakaa dirishani. Mteja mmoja aliwahi kuinywa akidhani amekaribishwa, na hakurudi tena.

Na bei? Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu wavuvi wetu si matajiri na sisi hatukuwahi kuwa. Ya bei ya chini kabisa mwiogope. Ya juu kabisa nayo msiiamini, mara nyingi mnalipia picha ya samaki iliyo kwenye boksi. Chukueni ya katikati, na mtie mkono mpaka chini ya boksi, maana kila muuzaji hupanga nzuri juu. Ncha ikiwa butu lakini chuma ni kizuri, nunueni, tupa ipo mtainoa. Na mwangalie jicho limefungwa sawasawa, lisije likawa na mwanya unaokata mshipi.

Kitu kimoja nilikileta mimi, nacho ni rangi ya kucha. Uzi ukishafungwa kichwani mwa ndoana unahitaji kitu cha kuushika usifumuke kwenye meno ya samaki, na gundi tulizokuwa nazo ziliyeyuka majini kama uji. Nikajaribu rangi ya kucha, ikashika. Sokoni ilikuwapo nyekundu tu, basi nikawa nanunua nyekundu, chupa juu ya chupa. Baada ya muda Mzee Hamimu akaniita pembeni, uso umemkunjamana.

"Mwasiti, mtaa mzima unasema wewe huswali. Wanasema udhu wako haufiki kwenye kucha."

Nikamnyooshea vidole vyangu vyote, kucha nyeupe kama za mtoto. "Zinazopakwa ni ndoana, mzee. Na ndoana haziswali."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ndoana zetu zilijulikana mwambao mzima kwa vichwa vyekundu. Wavuvi wengine waliamini ile rangi ni dawa ya kuvuta migebuka, na sisi hatukuwabishia.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Siasa zake siandiki, waliozijua waliziandika. Mimi niliona ufukwe. Mitumbwi na boti zilikuja zimejaa watu mpaka ukingo uko sawa na maji, na watu wakashuka na godoro, sufuria, mbuzi, na mtoto aliyelala fofofo kana kwamba anatoka harusini. Wengi walichukuliwa kwenda makambini. Wenye ndugu upande huu walijaribu kuwafikia ndugu. Kwa lugha hatukusumbuana, Muha na Mrundi wakizungumza kila mtu kwa yake wanaelewana, na palipokwama tuliziba kwa Kiswahili. Ila biashara ilivurugika. Boti zilizokuwa zinatuletea ndoana nzuri kutoka ng'ambo zilikoma, na ndoana chache zilizobaki Mzee Hamimu alizificha chini ya kitanda chake.

Katika miezi hiyo akaja Konsolata. Mwanamke mrefu, mkimya, amevaa kitenge chenye pindo la njano. Alisimama mlangoni akapiga goti kidogo.

"Amahoro, mama. Shikamoo. Mnafunga manyoya hapa? Nami ndabizi, naijua."

Kila mtu siku zile alikuwa anajua kila kazi, kwa hiyo sikumjibu sana. Nikammwagia sahani ya ndoana mezani kama nilivyomwagiwa mimi. Akachagua polepole, ukucha wa dole gumba, kimya. Alipomaliza nikatazama lundo lake. Hakukuwa na hereni hata moja.

"Nani alikufundisha?"

"Mume wangu, Filiberi. Ni mashoto, anafanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Tulikuwa tunakaa tukitazamana, goti kwa goti, kama mtu na kioo chake."

Habari yake niliipata vipande vipande, mezani, huku tunafunga. Walikuwa wanakaa ufukweni upande wa Burundi, karibu na Rumonge. Siku ya kukimbia, boti ya kwanza ilipakia wanawake na wazee, Filiberi akaisukuma majini mpaka maji yakamfika kifuani, akasema anakuja na ya pili. Ya pili haikufika. Konsolata alingoja ufukweni upande huu mpaka askari wakamhamishia kambini. Baadaye shangazi yake, Mama Yuliana, aliyeolewa Simbo miaka mingi na kulima huko, akamwombea kibali akae kwake.

Mama Yuliana hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alimpenda Konsolata. Lakini msimu ulipopita bila habari, akaanza kusema Filiberi amekufa maji, na kwamba wakati umefika wa kufanya matanga, watu wanywe pombe ya ndizi, maneno yasemwe, mambo yaishe. Wenyewe wanaita kuganduka. "Huyu si mke si mjane," aliniambia siku moja alipokuja Ujiji, "nitamweka wapi? Yakisemwa, atalia, atanyanyuka, ataanza maisha." Konsolata hakumbishia shangazi yake. Alirudi mezani akafunga unyoya, akaufumua, akaufunga tena. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Basi ndipo alipokuja Sefu na maboksi yake. Sefu alikuwa mchuuzi wa kuzunguka mwambao, leo yuko huku kesho kule, mabegi mawili na maneno mengi. Ndoana alizoleta sikuwahi kuona mfano wake. Jicho lilikuwa limekaa upande, kama linamchungulia jirani. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi kuficha chuma. Niliitia moja kwenye glasi ya chumvi asubuhi, na ilipofika alasiri maji yalikuwa rangi ya chai.

"Sefu, hizi sizitaki."

"Mama Hadija, bei yake umeisikia lakini?"

"Nimeisikia. Hata ungenipa bure nisingezichukua."

"Watu wamefurika, kila mtu anataka kuvua, ndoana hakuna. Wewe unachagua kama unamtafutia binti yako mume!"

"Akipata mume mbovu, binti yangu atarudi nyumbani. Ndoana mbovu itarudi na nini?"

Alifunga mabegi yake kwa nguvu mpaka zipu ikakwama. "Na usiniharibie Kibirizi," akasema. Nilikuwa nimeshamharibia. Wenye maduka wa Kibirizi walikuwa na tabia ya kuuliza kwanza Ujiji wamekataa nini ndipo watie mkono mfukoni.

Migebuka ikaanza kuingia. Mchana mmoja niliteremka ufukweni nikanunua samaki wa chakula cha duka, nikampa Konsolata awaparue. Alikaa uani na beseni lake. Huko Simbo shangazi alikuwa ameshaagiza ndizi. Hatukulizungumza, kila mtu alijua.

Nikasikia beseni limeanguka.

Nilitoka mbio nikidhani amejikata. Alikuwa amesimama, maji yanamtiririka miguuni, mkono mmoja umeshika kichwa cha mgebuka, mwingine ameunyoosha mbele yake kama umeungua.

"Mana yanje, Mungu wangu, Mama Hadija. Mana yanje."

"Umejikata wapi?"

"Ni Filiberi. Ni umugabo wanje. Ni mume wangu."

Kiganjani kulikuwa na ndoana yenye kipande cha mshipi na unyoya uliolowa. Alikuwa ameitoa kwenye koo la samaki.

Kweli nilidhani amechanganyikiwa, na nilitaka kumshika nimkalishe. Lakini hakuwa analia, alikuwa ananionyesha kazi, kama fundi anavyomwonyesha fundi. "Tazama uzi unavyozunguka. Kinyume. Tazama fundo, liko chini tumboni, si kichwani. Tazama ncha ya uzi. Wembe anao, lakini anakata kwa meno. Nimemgombeza kwa hilo tangu tuoane."

Niliichukua nikaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Mzee Hamimu akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akashusha pumzi.

"Mashoto wako wengi ziwani," akasema kwa upole. "Na samaki hana anwani. Na huenda aliifunga zamani, kabla hawajakimbia, mtu mwingine akaivulia leo. Msimpe huyu binti kitu cha kumvunja mara ya pili."

Alikuwa na hoja. Mimi mwenyewe niliogopa. Konsolata alikuwa amesimama kati yetu, ananitazama mimi. Nikaanza kuisoma ile ndoana upya, kuanzia chuma.

Jicho lilikuwa limekaa upande.

"Mzee," nikasema, "hii ni takataka ya Sefu."

Tukaiweka mezani. Ndoana za Sefu zilifika msimu ule ule, baada ya watu kukimbia. Hapo kabla hazikuwapo ziwani. Uzi nao ulikuwa wa bluu, bapa, ule unaochunwa kwenye turubai wanazopewa wakimbizi. Nikamuuliza Konsolata kwao Filiberi alifungia nini. "Uzi wa nyavu," akasema. "Turubai tungeitoa wapi?" Kwa hiyo aliyefunga, yeyote yule, alifunga baada ya kukimbia. Halafu kutu. Ndoana nzuri isingeniambia kitu, ingekaa kwenye koo la samaki mwezi na mwezi ikabaki vilevile. Hii niliiona kwenye glasi yangu ilivyo, majini ingekuwa nyekundu nzima baada ya siku chache. Ilikuwa imeshika kutu kwenye jicho tu. Aliyeifunga alikuwa anavua juzi.

Mzee Hamimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Haya," akasema. "Mtafute Sefu."

Nilimkuta sokoni Ujiji. Aliponiona alipaza sauti watu wote wasikie. "Jamani, njooni mwone! Mama Hadija amerudi kwa magoti!"

"Zimebaki, Sefu?"

"Hata moja!"

"Ulizimwaga wapi?"

"Wewe ulinikatalia Ujiji, Kibirizi wakafuata. Nikapanda boti kusini, nikaziacha zote Sigunga, kwa mtu mwenye kibanda pale mwaloni, boti zinapotua. Kwingine kokote hakuna aliyezigusa."

"Una hakika? Hata njiani hukuuza?"

"Mama, ulinilaani wewe! Hata njiani!"

Ningeweza kumkumbatia mbele ya soko zima. Nilimnunulia soda, akainywa huku ananitazama kwa wasiwasi, akingoja nimwambie nimeitia nini.

Sasa tulijua mahali, na bado tulikuwa hatuna mtu. Konsolata kusafiri mwenyewe hakuweza, kibali chake kilikuwa cha kukaa Simbo na kuja kazini Ujiji tu, na mkimbizi aliyekutwa botini bila karatasi alirudishwa kambini bila maswali. Kutuma mtu akaulize, "Mrundi mashoto yuko wapi?" kungekuwa vibaya zaidi. Kama alikuwa kule, alikuwa amejificha kwa mwenye mtumbwi, na akisikia anaulizwa angetoweka. Konsolata ndiye aliyesema, "Tusiulize. Tumpelekee ndoana."

Mzee Hamimu aliondoka bila neno, akarudi na lile boksi la chini ya kitanda. Konsolata alifungua pindo la kitenge chake, kile alichokuwa amevaa siku ya kukimbia, akavuta uzi wa njano. Alifunga fungu zima la manyoya kwa uzi ule, nami ndoana nikazitia vichwa vyekundu vya duka letu ili ajue zimetoka wapi. Tukampa nahodha wa boti ya mizigo iliyokuwa inakwenda kusini, na maagizo: ampe mwenye kibanda cha Sigunga, auziwe mtu mmoja tu, anayefunga kwa kushoto.

Nahodha alizipima kiganjani. "Harusi nimebeba, maiti nimebeba," akasema. "Leo nabeba manyoya."

Mimi nikaenda Simbo kwa Mama Yuliana. Nilimkuta shambani kwake, ndizi zimeshafukiwa shimoni ziive.

"Mama Hadija," akasema baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, "unataka nisimamishe matanga kwa sababu ya ndoana?"

"Nataka ungoje, dada yangu."

"Ndizi hazingoji. Zikiiva zinakamuliwa, zikikamuliwa ni pombe, na pombe ikiwa tayari watu wanakuja. Nimeshawaita."

"Basi waje. Ila maneno ya matanga usiyaseme mpaka nifike mimi."

"Na ukifika mikono mitupu?"

"Nitakaa chini nilie na nyie," nikasema, na nilimaanisha.

Boti ilitakiwa kurudi kabla ya siku yenyewe. Ziwa likachafuka, haikurudi. Siku ya matanga nilimwacha Mzee Hamimu ufukweni aingoje boti, nikaenda Simbo mikono mitupu. Watu walikuwa wamejaa uani, wazee kwenye viti, mitungi imepangwa na mirija ndani yake. Konsolata alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele, amevaa kile kitenge kisicho na pindo. Alinitazama mikono, halafu akatazama chini. Nikakaa pembeni yake. Mama Yuliana akangoja, akangoja tena, akamtazama mumewe, na mwisho akasimama, akakohoa asafishe koo.

Hapo mtu akapiga kengele ya baiskeli barabarani. Ilipigwa kwa fujo, bila mpangilio, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa Mzee Hamimu, kofia imekaa upande, ameshikilia mkanda wa mwendesha baiskeli kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umekunjwa ngumi. Mtu yule hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, alikuwa anasema ni chombo cha wendawazimu.

Alipita katikati ya watu bila hata kusalimu, akafungua ngumi mbele ya Konsolata.

Ilikuwa ndoana yetu, ile nzuri ya chini ya kitanda. Lakini kichwa chekundu kilikuwa kimekwanguliwa, unyoya umefumuliwa na kufungwa upya. Uzi ulikuwa ule ule wa njano, na ulizunguka kinyume. Fundo lilikuwa chini, tumboni. Ncha ya uzi ilikuwa imetafunwa.

Konsolata aliigusa kwa kidole, akatoa sauti ambayo sijui niiandikeje, akanilalia kifuani. Mimi nililia kuliko yeye. Shangazi akainama, "Nini? Kuna nini? Nipeni nione!" Akaichukua, akaigeuza huku na huku kama mtu asiyejua ashike wapi, na ndoana ikamwingia kwenye kidole gumba.

"Yoo! Imenichoma!" Akakitazama kidole, damu imetokeza kidogo, akatutazama sisi, na uso wake wote ukabadilika. "Basi yuko hai. Yuko hai huyu mtu!" Akawageukia wageni, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mnangoja nini na hiyo mirija? Kunyweni!"

Mimi na Mzee Hamimu tulipewa ndizi za kuchoma. Kidole cha shangazi nilikitoa ndoana mwenyewe, na nitawaambia tu kwamba ile ncha ilikuwa imenolewa vizuri sana.

Filiberi alikuja baadaye, baada ya mume wa Mama Yuliana kuhangaika ofisini akapata kibali cha wawili. Alikuwa amekonda, amevaa fulana ya mtu mnene. Siku ile ya kukimbia boti yao ya pili ilikuwa imesukumwa na upepo mpaka mbali kusini, na aliambiwa ya kwanza ilizama. Alisimulia kwamba alipopewa zile ndoana zenye uzi wa njano hakuamini. Alifumua moja mpaka mwanzo, aone chini ya unyoya uzi umeanzwaje, kwa sababu mwanzo ule ni yeye aliyemfundisha Konsolata. Kisha akakaa kwenye mchanga.

Mimi, kwa kuwa ni mimi, nilimuuliza jambo lililokuwa linanikera. "Mwanangu, wewe ni fundi. Kwa nini ulifungia manyoya yako mazuri kwenye takataka zile?"

Akatazama chini. "Mama, ndizo nilizoziweza."

Zilikuwa mbovu, neno langu silibadilishi, na leo Sefu angezileta ningezikataa tena. Lakini tangu siku ile, mvuvi alipokuja na ndoana mbovu mkononi sikumcheka. Nilimnolea ncha, nikatia tone la rangi kwenye kichwa cha ndoana, nikamwambia aje tena akipata pesa. Nanyi fanyeni hivyo.

Walifanya kazi mezani kwetu, goti kwa goti, wakitazamana, mpaka kwao kulipotulia wakaamua kurudi. Siku ya kuaga Konsolata alinivuta pembeni akafungua kiberiti. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na ile ndoana ya kwenye koo la mgebuka, jicho upande, uzi wa bluu.

"Mama Hadija, nataka nikae nayo. Itadumu?"

Nilimwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa siwezi kumdanganya mtu kuhusu ndoana. Nikamwambia chuma kile hakifai, kitaliwa na kutu hata kabatini, atafungua siku moja akute vumbi.

"Nifanyeje?"

Nikachukua chupa yangu ya rangi ya kucha. Nikaikwangua kutu ile ndoana taratibu kwa ncha ya kisu, nikaipaka yote, jicho, mguu, tumbo, mpaka ncha, nikaingoja ikauke, nikaipaka tena, na tena, huku yeye ameishikilia kwa uzi wake na tunaipuliza wote wawili kwa zamu. Chupa nzima iliishia pale.